Bakteria Wanaopumua Mawe: Kisa cha Urani, Aseniki na Maji ya Kisima

Leo naacha kidogo mambo ya seva na programu. Wale wanaosoma kurasa hizi kila mara wanajua kuwa kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi, wala sikusomea bayolojia. Lakini kuna historia moja ambayo nimekuwa nikiifuatilia usiku baada ya kazi, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyoona kuwa inamhusu kila mtu anayetengeneza kitu cha kutumiwa na watu wengine.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Kuna bakteria ambao hawahitaji oksijeni ili kupumua. Wao hupumua kutu, manganizi, urani, na wengine hata aseniki. Mwaka 2002, huko Colorado nchini Marekani, wanasayansi waliwalisha bakteria hawa chini ya ardhi ili waondoe urani kwenye maji, na urani ikapungua. Mwaka 2004 wanasayansi wengine wakaonyesha kwamba jamaa wa bakteria hao hao, wakilishwa chakula kile kile, wanaweza kufungulia aseniki kutoka kwenye mchanga wa Bengal, mahali ambapo mamilioni ya watu hunywa maji ya visima. Kazi ni moja na chakula ni kimoja. Huku ilikuwa dawa, kule ikawa sumu.

Ili tuelewane, hebu kwanza tuulize: kupumua ni nini hasa?

Wengi wetu tunadhani kupumua ni kuvuta hewa. Kumbe hewa ni sehemu ya mwisho tu ya kazi hiyo. Chakula chochote, kiwe ugali au sukari, kimebeba elektroni. Mwili huzichukua elektroni hizo na kuzipitisha kwenye mnyororo wa protini, na njiani hupata nishati ya kuendeshea maisha. Mwisho wa mnyororo lazima pawe na kitu cha kuzipokea. Kwetu sisi mpokeaji ni oksijeni, na kinachotoka hapo ni maji. Mtu akikabwa koo, mwilini mwake chakula bado kimejaa tele. Kilichokosekana ni mahali pa kuzitua elektroni.

Fikiria basi linalotoka Nairobi kwenda Mombasa. Elektroni ni abiria, nishati ni nauli. Mombasa ndiyo oksijeni, mwisho wa safari na nauli kubwa kuliko zote. Barabara ikikatika kabla ya hapo, abiria watashukia Mariakani, na hiyo tuseme ni nitreti na manganizi. Ikikatika mapema zaidi watashukia Voi, ambayo ni chuma, au Emali, ambayo ni salfeti. Nauli inapungua kadiri safari inavyokuwa fupi, lakini biashara inaendelea. Kisichowezekana ni basi kukaa na abiria wasio na pa kushukia.

Katika tope la chini ya ziwa au mto, oksijeni huishia milimita chache tu kutoka juu. Chini ya hapo Mombasa imefungwa. Viumbe wanaoishi humo hawana budi kutafuta kituo kingine, na kituo kilichojaa kila mahali ni chuma. Ukitazama udongo mwekundu wa Kiambu au Murang'a, wekundu ule ni oksaidi za chuma, yaani kutu. Dunia imejaa kutu. Swali ni nani anayeweza kuitumia.

Hapa ndipo historia inapoanzia. Mwaka 1911 Mwingereza M. C. Potter alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa vijidudu wanapovunjavunja chakula wanaweza kutoa umeme kidogo kwenye elektrodi. Jambo hilo lilibaki kama kioja cha maabara kwa miongo mingi. Kuhusu kutu, ilijulikana tangu zamani kwamba kwenye tope lisilo na hewa chuma hubadilika na kuyeyuka, lakini wengi waliamini hiyo ni kemia tupu: bakteria wanakula na kutoa taka zao, kisha taka hizo zinaigeuza kutu zenyewe. Kwamba kiumbe hai anaweza kuifanya kutu iwe pumzi yake ya kila siku, akaishi na kuzaana kwayo, halikuwa wazo lililokubalika kwa wepesi. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Urusi ya Kisovieti, Balashova na Zavarzin, walieleza bakteria aliyekua kwa kutumia haidrojeni na chuma. Hata hivyo habari hii ilishika kasi karibu miaka kumi baadaye, tena Marekani, katika maeneo mawili kwa wakati mmoja.

La kwanza ni mto Potomac, unaopita Washington. Derek Lovley alikuwa akifanya kazi USGS, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia jiolojia. Kutoka kwenye tope la mto huo alipata bakteria aliyepewa jina la kazi GS-15. Alipowekwa ndani ya chupa isiyo na oksijeni, pamoja na asetati na oksaidi ya chuma yenye rangi ya kutu, ile kutu iligeuka ikawa nyeusi. Tena weusi wenyewe ulivutwa na sumaku. Bakteria alikuwa ametengeneza magnetiti, yaani jiwe la sumaku. Asetati, kwa wasioijua, ni chumvi inayotokana na asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Matokeo hayo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1987. Baadaye, mwaka 1993, GS-15 alipewa jina rasmi, Geobacter metallireducens.

La pili ni ziwa Oneida katika jimbo la New York. Kenneth Nealson alikuwa akifuatilia manganizi ya ziwa hilo, na hesabu zilikataa: manganizi ilikuwa ikitoweka kwa kasi ambayo kemia peke yake isingeweza kuieleza. Yeye na Charles Myers wakamtafuta mhusika na kumpata. Walimwita MR-1, wakaandika habari zake katika jarida la Science mwaka 1988. Leo anaitwa Shewanella oneidensis. Sehemu ya pili ya jina ni la ziwa, na ile ya kwanza ni kumbukumbu ya James Shewan, Mskoti aliyetafiti vijidudu wa samaki.

Ninapenda sana kisa hiki cha Nealson kwa sababu ni kama kazi yetu ya kusaka hitilafu. Mfumo unatoa namba zisizolingana na maelezo yaliyoandikwa. Mtu mmoja anasema namba zimekosewa, mwingine anasema labda maelezo ndiyo yaliyokosewa. Nealson alikuwa mtu wa aina ya pili.

Sasa kuna tatizo ambalo pengine msomaji mwepesi ameshaliona. Oksijeni ni gesi, inaingia ndani ya seli bila hodi. Kutu ni jiwe. Haiyeyuki kwenye maji, haipenyi kwenye ukuta wa seli. Utampumuaje mpokeaji ambaye hawezi kuingia ndani ya nyumba yako?

Jibu ni kwamba bakteria hawa hupeleka elektroni nje. Wana protini ziitwazo saitokromu, ambazo ndani yake mna chembe za chuma zilizoshikwa kwa namna inayofanana na ile ya hemoglobini ya damu yetu. Saitokromu hizo hupangwa kuanzia ndani ya seli, zikapenya ukuta mpaka ngozi ya nje, na elektroni zikarushwa kutoka moja hadi nyingine kama ndoo za maji zinavyopokezanwa mkono kwa mkono nyumba inapoungua. Jenomu ya ndugu mmoja wa ukoo huo, Geobacter sulfurreducens, iliposomwa mwaka 2003, ilikutwa na maagizo ya kutengeneza saitokromu zaidi ya 100. Shewanella naye ana ujanja wa ziada: humwaga nje flavini, yaani jamaa wa vitamini B2, ambazo hubeba elektroni hadi kwenye jiwe kama vijana wa bodaboda.

Mwaka 2005 kundi la Lovley, wakati huo likiwa Chuo Kikuu cha Massachusetts, likatangaza kuwa Geobacter ana nyuzi nyembamba mno zinazopitisha umeme. Zikaitwa nyaya za nano. Kwa miaka mingi ilisemekana kuwa nyaya hizo ni vinyweleo vya bakteria. Mwaka 2019 hadubini kali zaidi zikaonyesha kuwa nyuzi zilizochunguzwa ni saitokromu yenyewe, ile iitwayo OmcS, imeungana mkia kwa kichwa ikawa waya mrefu. Mabishano juu ya vinyweleo yameendelea baada ya hapo. Lililo wazi ni kwamba kiumbe huyu ana njia ya kutoa umeme nje ya mwili wake na kuugusisha kwenye madini. Kama madini hayapo, hata elektrodi itamfaa. Mwaka 2002 Daniel Bond na Lovley walionyesha bakteria wa tope la baharini wakizitua elektroni zao kwenye elektrodi ya grafiti, miaka 91 baada ya Potter.

Turudi kwenye sumu. Ukishakuwa na waya unaoning'inia nje, haukuchagulii mpokeaji. Chochote kilicho karibu na chenye uwezo wa kupokea elektroni kinaweza kupokea. Mwaka 1991 Lovley na wenzake walichapisha katika Nature kwamba GS-15 anaweza kupata nishati kwa kuipa elektroni urani.

Hili lilikuwa jambo kubwa, na sababu yake ni kemia rahisi. Urani iliyopungukiwa na elektroni huyeyuka kwenye maji na kusafiri nayo hadi mtoni au kisimani. Ikipewa elektroni mbili inakuwa ngumu, haiyeyuki tena, inaganda pale pale mchangani. Haijaondoka duniani, lakini imeacha kutembea. Na sumu isiyotembea haifiki kwenye glasi ya mtu.

Marekani ilikuwa na maeneo mengi yaliyoachwa na taka za viwanda vya kusaga madini ya urani tangu enzi za vita baridi. Mojawapo ni Rifle, mji mdogo wa Colorado, ambako maji ya ardhini yalikuwa na urani. Katika kiangazi cha 2002 watafiti waliingiza asetati chini ya ardhi kupitia visima 20 vya kuingizia, kwa miezi mitatu. Hawakuleta bakteria kutoka maabara. Bakteria walikuwa wamo humo tayari, wana kutu ya kupumua lakini wamekosa chakula. Walipolishwa, Geobacter waliongezeka sana, na urani ikaanza kupungua ndani ya siku 9. Kufikia siku ya 50, baadhi ya visima vya kupimia vilikuwa chini ya kiwango kilichokusudiwa.

Halafu yakatokea mambo ambayo watu wa programu tunayajua vizuri. Chuma rahisi kupumua kilipopungua, bakteria wa salfeti wakachukua nafasi, wakala ile asetati, na urani ikaanza kupanda tena. Ripoti ya mwaka 2003 ilieleza yote mawili, kushuka na kupanda. Naiheshimu ripoti hiyo kwa sababu hiyo.

Kabla ya kwenda Bengal, neno kidogo kuhusu aseniki yenyewe. Mwaka 1994 Dianne Ahmann na wenzake walieleza bakteria kutoka bonde la mto Aberjona huko Massachusetts anayepumua aseniki moja kwa moja. Ronald Oremland wa USGS akawapata wengine katika ziwa Mono, California, ziwa la magadi lenye aseniki nyingi. Hapa nitahadharishe, maana visa viwili huchanganywa. Mwaka 2010 ilitangazwa kwa kishindo kuwa bakteria mmoja wa ziwa hilo la Mono anajengea DNA yake kwa aseniki badala ya fosforasi. Mwaka 2012 watafiti wengine walirudia kazi hiyo na madai hayakusimama, na mwaka 2025 jarida la Science likaiondoa makala yenyewe. Hao ni wa kujenga mwili. Wale wa kupumua hawakuwahi kutegemea dai hilo, na ushahidi wao uko imara.

Sasa Bengal.

Kwa vizazi vingi watu wa Bangladesh na Bengal ya Magharibi nchini India walikunywa maji ya mabwawa na mito, na maji hayo yaliua watoto kwa kipindupindu na kuhara. Kuanzia miaka ya 1970 serikali na mashirika, UNICEF ikiwa mstari wa mbele, walichimba visima vyembamba vya bomba vyenye pampu ya mkono. Baadaye familia zenyewe zikachimba vyao, na visima vikawa mamilioni. Maji yalikuwa baridi, maangavu, hayana vijidudu wa kuhara. Kama kungekuwa na mtu aliyepinga, ungemwona hana akili.

Mwaka 1983, Kolkata, daktari wa ngozi K. C. Saha alianza kuwatambua wagonjwa wenye madoa meusi mwilini na ngozi iliyokakamaa viganjani na nyayoni. Ilikuwa aseniki. Kule Bangladesh ilithibitishwa kwenye maji ya kisima mwaka 1993. Sumu hii haiui kwa haraka. Ikinywewa kwa miaka mingi, huleta saratani za ngozi, za kibofu na za mapafu. Vijijini wengine walidhaniwa kuwa na ukoma, wakatengwa.

Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala ya Allan Smith na wenzake iliyokiita kisa hicho sumu kubwa zaidi kuwahi kuwapata watu wengi kwa pamoja katika historia. Walikadiria kuwa watu milioni 35 hadi 77 walikuwa hatarini. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2001, wa visima zaidi ya 3,500, ulikuta asilimia 27 ya visima vifupi vimepita mikrogramu 50 kwa lita, kiwango cha Bangladesh, na asilimia 46 vimepita mikrogramu 10, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Visima virefu kupita mita 150 vilikuwa karibu vyote salama.

Aseniki ilitoka wapi? Hakukuwa na kiwanda cha kulaumu. Ilitoka Himalaya. Mito ya Ganges na Brahmaputra imeshusha mchanga na tope kwa maelfu ya miaka, na chembe zake zimepakwa kutu, na kwenye kutu hiyo imenata aseniki kidogo kidogo. Ikinata hivyo haina madhara. Swali lilikuwa nani aliyeibandua.

Kulikuwa na maelezo mawili yaliyopingana. La kwanza lilisema kilimo cha umwagiliaji kinanyonya maji mengi, hewa inaingia ardhini, inaozesha madini ya salfa yenye aseniki. Kwa maelezo hayo mkosaji ni oksijeni. La pili lilisema kinyume kabisa: mkosaji ni ukosefu wa oksijeni. Mabaki ya mimea yaliyofukiwa yanawapa bakteria chakula, hewa hakuna, basi wanapumua kutu. Kutu ikipewa elektroni inayeyuka, na aseniki iliyokuwa imeinatia inabaki haina pa kushika. Mwaka 1998 Ross Nickson na wenzake walitoa ushahidi wa kikemia katika Nature wa kuunga mkono maelezo haya ya pili.

Mwaka 2004 Farhana Islam, Jonathan Lloyd na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manchester wakafanya jaribio ambalo linafaa kufundishwa shuleni. Walichukua mashapo kutoka Bengal ya Magharibi, wakayaweka mahali pasipo hewa, na mengine wakayaongezea chakula. Bakteria wakaipumua kutu kwanza, kisha aseniki ikatoka. Chakula walichoongezewa kilikuwa asetati. Na miongoni mwa bakteria walioongezeka walikuwamo watu wa ukoo wa Geobacter.

Weka majaribio haya mawili kando kando. Rifle, 2002: asetati, hakuna hewa, ukoo wa Geobacter, sumu inaganda mchangani. Manchester, 2004: asetati, hakuna hewa, ukoo wa Geobacter, sumu inaachiliwa majini. Bakteria hakubadilika. Kote kuwili alikuwa akitafuta pa kushushia abiria wake. Kilichobadilika ni kile alichokuta kituoni. Urani ilipopokea elektroni iliganda, kutu ilipopokea iliyeyuka, na kilichokuwa kimeishika kutu kikazama majini.

Ndiyo maana huwa sifurahi ninapoona bakteria hawa wakiitwa wasafishaji wa mazingira. Si wasafishaji wala si wachafuzi. Mtu yeyote anayetaka kuwalisha chini ya ardhi ili waondoe sumu moja hana budi kuuliza kwanza ni nini kingine kimenata kwenye kutu ya mahali hapo.

Bado kuna sehemu moja ya historia hii ambayo hunikosesha usingizi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1992 taasisi ya jiolojia ya Uingereza, British Geological Survey, ilipima maji ya visima kadhaa vya Bangladesh na kutoa ripoti. Walipima elementi nyingi. Aseniki haikuwamo kwenye orodha. Baadaye mkazi mmoja wa Bangladesh aliyeugua aliwashtaki Uingereza. Kesi ilipanda hadi House of Lords, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa mahakama ya juu kabisa, na mwezi Julai 2006 majaji wakaitupa. Walisema watafiti wale hawakuwa na wajibu wa kisheria kwa mlalamishi, na ripoti yao haikudai popote kuwa maji hayana aseniki.

Mimi si mwanasheria na sina ugomvi na hukumu. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokuwa. Ripoti ilikuwa ya kweli katika kila namba iliyoandika, na bado isingeweza kumwonya yeyote. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Majaribio yote yanapita, taa ni ya kijani, na hitilafu iko mahali ambapo hakuna jaribio lililoandikwa. Tofauti ni kwamba programu yangu ikianguka mteja hunipigia simu kesho yake asubuhi. Aseniki husubiri miaka kumi, ishirini.

Tena ukumbuke mwaka. Kufikia 1992 maabara mbili za Marekani zilikuwa zimeshaonyesha kuwa kuna viumbe wanaoyeyusha kutu kwa pumzi. Wajuzi wa ngozi wa Kolkata walikuwa wameshaandika kuhusu aseniki ya visima. Vipande vilikuwapo, kila kimoja kwenye jarida lake na kwa wasomaji wake. Hakukuwa na mtu aliyeviweka kwenye meza moja.

Kilichofuata Bangladesh kilikuwa kazi ya mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 visima karibu milioni 5 vilipimwa, na pampu zikapakwa rangi: nyekundu kwa kisima chenye aseniki kupita kiasi, kijani kwa kilicho salama. Mara nyingi kisima cha kijani kilikuwa umbali mfupi tu kutoka chekundu, kwa sababu mito ya kale haikumwaga mchanga wake kwa usawa. Rangi ya kopo moja iliwafanya watu wengi wahamie kwa jirani. Haikutosha. Rangi huchakaa, visima vipya huchimbwa bila kupimwa, na hadi leo mamilioni ya watu bado hunywa maji yenye aseniki.

Huku kwetu shida kubwa inayotoka kwenye miamba ni floraidi, na hiyo haihitaji bakteria. Yeyote aliyepita Nakuru, Naivasha au Arusha amekutana na watu wenye meno ya rangi ya kahawia. Ila somo la kisima ni lile lile. Kila ukame ukija tunachimba visima, kiongozi anafungua bomba, anakunywa glasi mbele ya kamera, watu wanapiga makofi. Uangavu wa maji hauelezi kilichomo.

Basi kama kijijini kwenu, shuleni kwenu au katika ploti yenu kunachimbwa kisima, omba karatasi ya maabara uisome. Usiishie kwenye namba zilizoandikwa. Shuka mpaka chini ya orodha, halafu umuulize mwenye kupima: kuna nini hapa ambacho hamkukipima, na kwa nini?